Muulize Mwalimu: Miezi mitano isiyo na kengele

Mitihani ya kidato cha sita imekwisha mwezi uliopita na barua zimenijaa mezani. Nyingi ni za wazazi, chache ni za vijana wenyewe. Swali linalorudi ni lilelile: kuanzia sasa mpaka vyuo vifunguliwe Oktoba au Novemba, kijana afanye nini? Nimefundisha sekondari hapa Dar es Salaam miaka 37, Temeke kwanza kisha Ilala, na tisa ya mwisho nilikuwa mwalimu wa taaluma. Nimestaafu 2023, lakini jambo hili halijanitoka moyoni. Nimechagua barua tano.

*Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa kiume amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), shule ya bweni Morogoro. Anaamka saa tano, anakunywa chai, anashika simu mpaka jioni, usiku anaangalia mpira. Nikimwambia afanye kitu ananijibu, "Mama, nasubiri matokeo." Jirani ananishauri nimtafutie tuisheni ya masomo ya mwaka wa kwanza chuoni, aende akiwa ametangulia. Nina fedha kidogo nimeweka. Nifanyeje?* Mama wa Tabata Kimanga

Marahaba mdogo wangu. Fedha hiyo iache ilipo. Mwanao bado hajajua atapangiwa kozi gani wala chuo gani, sasa huyo wa tuisheni atamfundisha somo lipi? Na akilala wiki mbili tatu za mwanzo usimseme. Mtoto aliyetoka kwenye mtihani wa kidato cha sita amechoka mpaka kwenye mifupa.

Ila wiki hizo zikipita, tazama kitu kimoja. Mwanao ameishi kwa kengele. Bweni anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, kuna kengele ya usafi, ya paredi, ya kipindi, ya uji, ya prepo, na ya kuzima taa. Wakati wote huo kuna mtu mwingine aliyempangia ale saa ngapi, asome nini na alale lini. Akifika chuo kengele hakuna. Kipindi kinaanza saa moja asubuhi, ukumbi una mamia ya watu, na asipoingia hakuna atakayemuuliza. Ataambiwa kuna jaribio wiki ya sita, kisha kimya. Nimewaona vijana waliotoka shuleni kwangu na daraja la kwanza wakirudi mwaka mmoja baadaye, wengine na sapu nne, yaani mitihani ya kurudia, wengine wamedisko, yaani wameondolewa chuo kabisa. Akili walikuwa nayo. Walichokosa ni mazoea ya kujiendesha, na mazoea hayo hayauzwi kwenye tuisheni. Yanapatikana nyumbani, miezi hii hii.

Kwa hiyo usimwambie "fanya kitu". Mkabidhi kitu, tena kitu ambacho kikiharibika nyumba nzima itaona.

Mwaka jana mjukuu wangu alimaliza kidato cha sita, nikamkabidhi fedha ya chakula. Tuko wanne nyumbani. Kila Jumamosi nilimpa shilingi 70,000 aende soko la Buguruni, ahakikishe tunakula mpaka Jumamosi nyingine. Wiki ya kwanza alirudi na kuku wawili, soseji, soda na mchele wa bei. Jumatano jioni alikuwa amebaki na 4,500. Nilitamani sana kumwongezea, maana mimi ni bibi yake na sipendi kumuona amekaa kinyonge, lakini sikumwongezea. Alhamisi na Ijumaa tulikula ugali, mchicha na dagaa, na wadogo zake walimlaumu mezani bila mimi kusema neno. Wiki ya pili alinunua daftari. Wiki ya nne ndiye aliyekuwa ananiambia mimi kwamba nyanya zinashuka bei jioni wenye mafungu wakitaka kufunga, na kwamba unga ukinunua mfuko mzima unaokoa.

Nakueleza haya kwa sababu ya kile wanachuo wanachokiita bumu. Kijana akipata mkopo, fedha ya chakula na malazi inahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, ila haimjii kila siku. Inaingia kwa mkupuo, ya miezi miwili hivi kwa pamoja. Yaani mtoto ambaye hajawahi kushika 20,000 yake mwenyewe anaamka asubuhi akiwa na laki sita. Wiki ya kwanza ni simu mpya na viatu. Wiki ya sita anakula mlo mmoja, anakopa kwa wenzake, na darasani akili haipo kwa sababu tumbo halipo. Mama, 70,000 ikimharibikia sasa hivi nyumbani kwako, hasara yake ni dagaa wa siku mbili. Mwache iharibike.

Na nguo zake afue mwenyewe. Asubuhi aamke kwa simu yake, wewe usimgongee mlango. Siku ya kwanza atachelewa, na ya pili pia.

La pili, mtoe nyumbani akaone vyuo kwa macho yake. Maonyesho ya Sabasaba yanaanza tarehe 28 Juni pale Barabara ya Kilwa na vyuo huwa na mabanda. Julai kuna maonyesho ya elimu ya juu viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako vyuo hukusanyika mahali pamoja, vya umma na vya binafsi. Aende peke yake, kwa daladala, na daftari mkononi. Asirudi na mfuko wa vipeperushi tu. Arudi na majibu aliyoyaandika kwa mkono wake: kozi hii inataka masomo gani, ada ni kiasi gani kwa mwaka, mafunzo ya vitendo yanafanyika wapi.

Siku nyingine aende vyuoni penyewe. Kwa mchepuo wa PCM, apande Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alione lile jengo la Nkrumah lililokuwa kwenye noti ya shilingi 500, kisha atembee mpaka Chuo Kikuu Ardhi hapo jirani. Siku nyingine apite DIT, Taasisi ya Teknolojia, pale mjini. Atafute kijana wa mwaka wa kwanza au wa pili amuulize, "Kaka, ulipofika hapa nini kilikushinda?" Swali hilo moja litamfaa kuliko kipeperushi chochote. Banda la maonyesho linatangaza chuo, lakini mwanafunzi anayekaa humo atamwambia habari za foleni ya maji hosteli na mwalimu anayefundisha haraka.

Kuhusu "nasubiri matokeo", mjibu taratibu tu kwamba matokeo yatatoka Julai, awe amelala au yuko macho.

*Mwalimu, habari za kazi. Mimi ninamlea binti wa marehemu kaka yangu. Amemaliza kidato cha sita na bila mkopo hawezi kusoma, kwa kweli sina uwezo. Tatizo, cheti cha kuzaliwa jina la baba yake limeandikwa Omari, cheti cha kidato cha nne limeandikwa Omary. Watu wananiambia ni herufi moja, hakuna shida. Je, ni kweli?* Baba Mdogo, Mbagala Rangi Tatu

Si kweli, ndugu yangu, na nakushukuru kuuliza Juni badala ya Agosti. Hii ndiyo barua niliyotaka kuijibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili limenikuta mimi mwenyewe.

Mwanangu wa pili alimaliza kidato cha sita mwaka 2013. Cheti chake cha kuzaliwa nilikifuatilia mimi, na shuleni nilimwandikisha mimi. Jina la babu yake nikaliandika kwa herufi hizi huku, na kwa herufi nyingine kule. Mwalimu mzima, ninayesahihisha majina ya watoto wa watu kila siku. Tuligundua zikiwa zimebaki siku tisa maombi ya mkopo yafungwe. Tulikimbia huku na huko na hatukuwahi. Mwaka ule alisoma bila mkopo, nikalipa ada kwa fedha niliyokopa SACCOS, na deni lile lilichukua miaka mitatu kwisha. Simlaumu mtu, kosa lilikuwa kwenye mwandiko wangu. Lakini tangu hapo sikumwacha mwanafunzi wangu amalize bila kumwambia atandaze vyeti vyake mezani.

Basi leo jioni mwite binti mkae naye. Tandazeni cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho au namba ya NIDA kama anayo, na cheti cha kifo cha baba yake. Yeye asome kwa sauti, herufi moja moja, na wewe ufuatilie kwa kidole. Majina matatu, mpangilio wake, tarehe ya kuzaliwa. Mkikuta tofauti, iandikeni.

Hapo kwenye cheti cha kifo naomba unisikilize vizuri. Familia nyingi zina kibali cha mazishi tu na zinadhani ndicho cheti. Sivyo. Kibali kile kilikuwa cha kuzikia. Cheti cha kifo kinatolewa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na Bodi ya Mikopo humtambua binti kuwa amefiwa na mzazi kwa cheti hicho. Kama mlichonacho ni kibali, kesho asubuhi anzeni kufuatilia cheti, na kibali hicho mwende nacho.

Halafu vyeti hivyo viwili, cha kuzaliwa na cha kifo, vinatakiwa kuhakikiwa na RITA kabla ya kuviweka kwenye maombi ya mkopo. Maombi ya uhakiki yanafanyika kwenye mtandao na mnalipia kwa namba ya malipo mtakayopewa. Fanyeni sasa. Dirisha la mkopo likifunguliwa, nchi nzima inakwenda RITA siku moja.

Kuhusu Omari na Omary: kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, RITA ndiko kwa kuulizia masahihisho. Kama cheti cha kuzaliwa ni sahihi na cha shule ndicho kilichokosewa, nendeni kwa wakili mumweleze. Kuna hati ya jina anayoiandaa na kuisajili, inayoonyesha kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Hiyo ina gharama na ina siku zake. Msithubutu kugusa cheti kwa wino wala kumpa mtu wa mjini anayesema atakirekebisha kwa 20,000. Herufi moja mnaweza kuirekebisha kwa njia halali, lakini cheti kilichoghushiwa kinaweza kumharibia binti maisha.

Dirisha likifunguliwa atajaza fomu mtandaoni, ataichapa, itapigwa muhuri serikali ya mtaa, itasainiwa mbele ya wakili au hakimu, kisha zile kurasa zilizosainiwa zinapandishwa tena mtandaoni. Atahitaji mdhamini mwenye kitambulisho. Kama ni wewe, hakikisha chako hakijaisha muda na hakijafutika. Namba ya mtihani wa kidato cha nne atakayoombea chuo iwe ileile atakayoombea mkopo. Waliorudia mtihani huchanganya hapa, wakaweka ya mwaka mmoja huku na ya mwaka mwingine kule.

Na sasa steshenari. Nawapenda vijana wa steshenari, wametusaidia sana, lakini nina jambo nao. Zamani, kuanzia 2010, maombi ya vyuo yalipita kwenye mfumo mmoja wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu 2017 kijana anaomba mwenyewe moja kwa moja kwenye kila chuo, na akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja anathibitisha anakokwenda kwa namba ya siri inayokuja kwa ujumbe wa simu. Ujumbe huo unakwenda kwenye simu gani? Ile iliyoandikwa kwenye fomu. Nilikuwa na mwanafunzi, binti mpole, aliyechaguliwa vyuo viwili. Kijana wa steshenari aliandika namba ya simu yake yeye ili "kurahisisha kazi", na siku ujumbe ulipoingia alikuwa amebadilisha laini. Binti alisubiri nyumbani akidhani amekosa kote.

Kwa hiyo binti yako akae mwenyewe kwenye kiti mbele ya kompyuta, hata kama anaandika kwa kidole kimoja na foleni inanung'unika nyuma yake. Namba ya simu iwe yake, barua pepe iwe yake, nywila aiandike kwenye daftari lake. Kijana wa steshenari asimame pembeni amwelekeze. Wewe baba mdogo kazi yako ni kulipia na kumsindikiza. Kushika karatasi, kupanga foleni, kumsalimia mjumbe, kumuuliza karani swali bila kuogopa, hayo ayafanye yeye. Chuoni atayafanya bila wewe.

*Shikamoo Mwalimu. Nimechaguliwa kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, nimepangiwa Makutupora, Dodoma, na naripoti wiki ijayo. Nilikuwa nimepanga kusoma kozi ya kompyuta na kujiandaa na maombi ya chuo. Nahisi kama miezi mitatu inapotea, na naogopa dirisha la udahili litafunguliwa nikiwa kambini. Baba anasema nitafute cheti cha daktari nibaki.* Binti wa Kigamboni

Marahaba mwanangu. Kama huumwi, usitafute cheti. Kuanza safari ya chuo kikuu kwa karatasi ya uongo ni kuanza vibaya, na baba yako mpelekee salamu zangu kwa heshima umweleze hivyo.

Mimi nilikwenda mwaka 1983, enzi hizo ni mwaka mzima. Mpango wenyewe ulisimamishwa 1994 ukarudishwa 2013, kwa hiyo kuna kizazi kizima hapo katikati kisichojua ninachosema. Nilikwenda nikilia. Nilikuwa sijawahi kulala chumba kimoja na msichana wa Kigoma wala wa Mara, sijawahi kushika jembe kwa saa tatu. Nilirudi nikijua kutandika kitanda kwa dakika mbili, kula kilichopo, na kuishi na mtu nisiyempenda bila kugombana naye. Nilipoingia Chuo cha Ualimu Chang'ombe (leo ni DUCE), hayo matatu yalinisaidia kuliko daftari zangu zote.

Sasa kuhusu dirisha la udahili. Wito wa JKT wenyewe huwaambia vijana waje na nyaraka za kuombea vyuo, pamoja na ile bukta ya bluu, fulana ya kijani, raba na shuka mbili. Soma wito wako neno kwa neno ufuate ulivyoandikwa. Ila kabla ya kuondoka toa nakala za kila cheti na uziache nyumbani kwa mtu mmoja tu unayemwamini, dada au kaka anayejua kutumia intaneti. Mwachie na karatasi uliyoiandika wewe: kozi unazotaka kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya tano, na vyuo vyake. Siku akilazimika kujaza kwa niaba yako, asikuchagulie kwa kubahatisha. Usipange mambo yako kwa kutegemea kwamba utakuwa na simu mkononi kila siku. Na fikiria zile kozi sasa, wiki hii, kabla ya kupanda basi.

Beba sweta. Watu wa pwani tunadhani Dodoma ni jua tupu. Juni na Julai usiku kuna upepo baridi unaoingia mpaka kwenye uti wa mgongo.

*Mwalimu, hujambo? Kuna kituo hapa Sinza kinatangaza kozi ya miezi mitatu ya kompyuta na Kiingereza kwa shilingi 350,000. Mwanangu anataka kujiunga. Inafaa?* Baba wa Sinza

Sijambo, kaka. Kabla ya kulipa nenda saa za darasa, uhesabu mashine na uhesabu watoto. Ukikuta watoto watatu kwenye kompyuta moja, mwanao atajifunza kutazama mgongo wa mwenzake. Muulize mwalimu mtoto atakaa kwenye mashine saa ngapi kwa siku, yeye peke yake. Chuoni anachohitaji mwaka wa kwanza ni kuandika kurasa tano bila kutafuta herufi, kutengeneza jedwali, kutuma kazi kwa barua pepe, na kutunza nakala. Kama nyumbani au kazini kwako kuna kompyuta, nusu saa kila siku ya kuchapa itamfikisha hapo bila 350,000.

Kiingereza ni habari nyingine. Watoto wetu wamefundishwa kwa Kiingereza miaka sita na wengi bado hawawezi kuandika ukurasa wao wenyewe kwa lugha hiyo, kwa sababu shuleni walikariri desa, yaani notisi zilizoandaliwa tayari. Chuoni anapewa kitabu, anaambiwa asome sura mbili na aandike anavyoelewa. Dawa ninayoijua ni moja na nimeitumia kwa mamia ya wanafunzi. Asome makala moja ya Kiingereza, afunge gazeti, aandike kwa maneno yake alichokisoma, kisha afungue alinganishe. Ukurasa mmoja kwa siku. Siku za mwanzo ataandika mistari minne na atakasirika. Mwezi wa pili ukurasa haumtoshi. Akikosa pa kusomea utulivu, aende Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere aliifungua mwaka 1967, na meza zake bado zinatufaa.

*Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGE (historia, jiografia na uchumi). Mama ni mama lishe hapa Tandika, na mimi ndiye ninayemsaidia kuanzia alfajiri: nachota maji, nawasha mkaa, nahudumia, naosha vyombo. Wenzangu wako kozi za kompyuta, wengine wamekwenda kwa ndugu zao Arusha kutembea. Naona nitafika chuo nikiwa nyuma yao. Na sina uhakika na matokeo, uchumi ulinipiga. Nilitaka saa mbili tu za kusoma kila siku lakini naogopa kumwambia mama, atadhani nimechoka kumsaidia.* Kijana wa Tandika

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Nianze na matokeo. Alama zinahesabiwa hivi: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mlango wa shahada unaanzia kwenye masomo mawili uliyofaulu kwa alama ya A mpaka E yenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo yanayohusu kozi unayoomba. Yaani hata D mbili zinakufikisha mlangoni. Lakini kila kozi ina masharti yake mengine, na zile zinazokimbiliwa na wengi haziishii hapo. Kitabu cha mwongozo cha TCU kinatolewa kila mwaka na kiko bure kwenye tovuti yao. Tafuta hata cha mwaka jana, utazame kozi zinazopokea historia, jiografia na uchumi. Kisha gawa ukurasa wa daftari lako mara tatu: kozi nitakazoomba uchumi ukiwa C, nitakazoomba ukiwa E, na nitakachofanya nikiwa sikufaulu kabisa. Kwenye sehemu hiyo ya tatu andika stashahada, ambazo udahili wake unasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Wapo walioingia shahada kwa njia hiyo na leo ni wahasibu na walimu. Fanya hivyo sasa kabla ya Julai, ukiwa na akili tulivu. Siku ya matokeo hakuna anayefikiri vizuri, awe amefaulu au amefeli.

Sasa kuhusu kuwa nyuma. Wewe unaamka alfajiri bila kengele. Mama wa Tabata hapo juu anatafuta jinsi ya kumfundisha mwanae jambo ambalo wewe unalifanya kila siku. Lakini jiongezee kitu kimoja hapo hapo kwenye mgahawa, nacho ni daftari la hesabu. Kila asubuhi andika: mchele kilo ngapi, maharage, mafuta, mkaa, nyama. Jioni andika sahani ngapi zimetoka na fedha iliyoingia. Nakuhakikishia mama yako anajua faida yake kwa kuhisi, hajaiona kwenye karatasi. Baada ya wiki tatu utaweza kumwambia ni siku ipi wali unabaki, na mkaa unakula kiasi gani. Wewe ni mtoto wa HGE, huo ndio uchumi uliokupiga, sasa uko mikononi mwako na una harufu ya kitunguu.

Na saa zako mbili zipo. Wateja wa mchana wanakwisha saa nane, na maandalizi ya jioni hayaanzi kabla ya saa kumi. Vyombo vikishaoshwa, kaa kwenye benchi hilo hilo na kitabu, mama akuone. Ndipo ufanye lile zoezi nililomwandikia Baba wa Sinza.

Usimwambie mama jambo hili asubuhi mkiwa mnawasha mkaa. Subiri jioni mnapohesabu fedha. Mfungulie daftari kwanza, umsomee wiki nzima ilivyokwenda, umwonyeshe mahali alipopoteza na mahali alipopata. Akishalitazama, ndipo useme, "Mama, naomba kuanzia saa nane mpaka saa kumi niwe nasoma hapa hapa."